Tozo ya posho ya watoto Uingereza: namna ya kuikokotoa, kuipunguza, na kwa nini udai hata kama hulipwi

Ukiwa unaishi Uingereza, na wewe au mwenzako mnaoishi pamoja mmoja wenu akaingiza zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, posho ya watoto (Child Benefit) mnayopokea huanza kurudi serikalini kidogo kidogo kupitia kodi. Mapato ya mmoja wenu yakifika 80,000, inarudi yote. Wazazi wengi wakisikia hivyo huacha kabisa kujaza fomu. Uamuzi huo ndio wenye hasara kubwa kuliko tozo yenyewe, na anayeibeba mara nyingi ni mama aliyebaki nyumbani kulea.

Jaza fomu kwanza, pesa baadaye

Dai la Child Benefit, ambalo sasa hujazwa mtandaoni au kwenye programu ya simu ya HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, halileti pesa tu. Mzazi anayedai huandikiwa michango ya Bima ya Taifa kila mwaka hadi mtoto wa mwisho atimize miaka 12, hata kama hafanyi kazi. Michango hiyo ndiyo inayojenga pensheni ya serikali. Unahitaji miaka 35 ili upate pensheni kamili, ambayo kwa mwaka wa kodi 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Kwa kiwango hicho, kila mwaka unaokosekana unapunguza kama pauni 6.58 kwa wiki, yaani takriban 342 kwa mwaka, kwa maisha yote ya uzeeni. Mama aliyekaa nyumbani miaka sita bila dai amejikata zaidi ya pauni 2,000 kila mwaka atakapostaafu, isipokuwa awe na miaka mingine ya kazi ya kuzibia pengo. Isitoshe, mtoto aliyedaiwa hupewa namba yake ya Bima ya Taifa bila kuiomba anapokaribia miaka 16.

Hapa ndipo watu wanapokosea: baba ndiye anayeshika makaratasi ya nyumba, basi anadai kwa jina lake. Michango inaandikwa kwake, na yeye tayari anachangia kupitia mshahara, kwa hiyo haimwongezei kitu. Adai yule asiye na kazi au mwenye mshahara mdogo. Kama mmeshakosea, mnaweza kuomba michango ihamishiwe kwa mwenza, lakini ni fomu nyingine na kungoja kwingine.

Ndani ya dai utaulizwa kama unataka kulipwa. Anayejua mwenzake anazidi 80,000 ajibu hapana: michango inaingia, pesa haiji, na hakuna tozo. Mapato yakishuka, kwa mfano mtu amepunguzwa kazini, mnaomba malipo yafunguliwe. Wasiojua mwaka utaishaje wanaweza kupokea kisha warudishe kinachotakiwa, mradi waiweke pembeni.

Dai hurudi nyuma miezi mitatu tu. Mtoto akizaliwa Januari na fomu ikaenda Septemba, miezi mitano hivi imepotea. Tena kwa kijana anayeendelea na masomo baada ya miaka 16, ijulishe HMRC kabla ya tarehe 31 Agosti inayofuata siku yake ya kuzaliwa, la sivyo malipo yanakatika.

Kabla ya hayo yote, soma viza yako. Child Benefit ni miongoni mwa fedha za umma, na mwenye viza yenye sharti la kutozigusa hawezi kudai; akidai anahatarisha maombi yake yajayo ya ukaazi. Kama mzazi mwenzake ni raia au ana ukaazi wa kudumu, adai huyo kwa jina lake. Penye shaka, muulizeni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kubonyeza kitufe.

Nani analipa

Mwenye mapato makubwa kati yenu, hata kama posho inaingia kwenye akaunti ya mwingine, na hata kama watoto si wake. Mwanamume akihamia kwa mama mwenye watoto wawili, akiwa na mshahara wa 75,000, tozo ni yake, japo baba wa watoto yupo na anawatumia matumizi. Cheti cha ndoa si hoja hapa. Mliofungishwa nikaha msikitini bila kuisajili serikalini mnahesabiwa wenza kama mnaishi pamoja kama mume na mke. Waliooana ambao mmoja yuko nje kwa muda bado ni wenza pia. Kinachowatoa ni amri ya mahakama ya kutengana au kutengana kusikotarajiwa kurudi nyuma. Mkiachana katikati ya mwaka, tozo huhesabiwa kwa majuma mliyokuwa pamoja tu.

Hesabu yenyewe

Kwa 2025/26 posho ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata. Watoto wawili: 43.30 kwa wiki, 2,251.60 kwa mwaka. Watatu: 3,148.60.

Chukua mapato yako, toa 60,000, gawa kwa 200, tupa desimali. Jibu ndilo asilimia ya posho inayorudi. Mwenye 66,000 na watoto wawili: 6,000 gawa kwa 200 ni 30. Asilimia 30 ya 2,251.60 ni 675.48, na senti zinaachwa, kwa hiyo tozo ni pauni 675. Mwenye 66,150 naye analipa hiyo hiyo, maana 30.75 inashushwa hadi 30.

Kinachosumbua ni neno "mapato". Si mshahara wa mkataba. Ni mapato yote yanayotozwa kodi kabla ya kodi kukatwa: mshahara, bonasi, muda wa ziada, gari la kampuni au bima ya afya uliyopewa na mwajiri, riba ya benki, gawio la hisa, faida ya biashara na ya pango. Mkazi wa Uingereza kikodi, kwa kawaida, anajumlisha pia faida ya nyumba aliyopangisha Mombasa au Dar es Salaam. Wenye nyumba za kupangisha waangalie zaidi. Tangu 2020/21 riba ya mkopo wa nyumba ya makazi haitolewi tena kwenye faida. Unapunguziwa kodi ya asilimia 20 ya riba hiyo, basi. Ukipokea pango la 14,400 na ukalipa benki riba ya 9,000, hiyo 9,000 bado imo ndani ya mapato yako, ingawa haijakaa mfukoni hata siku moja. Wengi hupita 60,000 kwa mlango huu bila kujua.

Namna halali ya kushusha mapato

Michango ya pensheni hutolewa kwenye hesabu. Tazama kwanza yako ni ya aina gani. Kama inakatwa kabla ya kodi, au umekubali kuachia sehemu ya mshahara ili mwajiri aipeleke kwenye pensheni, namba iliyo kwenye P60, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mapato na kodi yako ya mwaka, tayari imeshapunguzwa. Ukiitoa tena umepunguza mara mbili, na HMRC wataona. Kama unalipa mwenyewe kwa mtoa pensheni baada ya kodi, yeye huongeza robo: unatoa 80, inakuwa 100, na wewe unapunguza 100.

Turudi kwa yule wa 66,000. Akiweka 4,800 kabla ya tarehe 5 Aprili, mwaka wa kodi unapoishia, pensheni inapata 6,000 na mapato yake yanashuka hadi 60,000 kamili. Tozo ya 675 inafutika. Akiwa England anaomba pia nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya ziada, pauni 1,200, kwa kuwa pesa hiyo ilikuwa kwenye ngazi ya asilimia 40. Ametoa 2,925 halisi na ana 6,000 kwenye pensheni. Scotland ngazi za kodi ni tofauti, kwa hiyo nafuu hubadilika, ila tozo ni ile ile.

Sadaka msikitini au fungu la kumi kanisani nalo hupunguza, kama taasisi imesajiliwa kwa ajili ya Gift Aid, mpango wa nafuu ya kodi kwa michango ya hisani, na umesaini tamko: 80 inahesabika 100. Pesa unazotuma nyumbani kwa wazazi au za ada ya wadogo zako hazipunguzi hata senti. Inauma, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kulipa

Mwajiriwa asiye na sababu nyingine ya kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa HMRC, anaweza, tangu 2025, kuomba tozo ikatwe kwenye mshahara kupitia PAYE, mfumo ambao mwajiri hukata kodi. Mwenye biashara, pango au mapato mengine ya kuripoti abaki na ritani ya Self Assessment: jisajili kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, uwasilishe mtandaoni na kulipa kabla ya tarehe 31 Januari. Andika posho yote iliyopokewa nyumbani kwenu, hata ile ya mwenza. Asiyejisajili hudaiwa tozo, riba, na adhabu inayoweza kufika asilimia 30 hata kama hakukusudia. "Sikujua mke wangu anapokea" haijawaokoa wengi. Kama mwenza hasemi anachopata, waulize HMRC: watakujibu ni nani kati yenu mwenye mapato makubwa bila kukutajia kiasi.

Je, ni haki?

Kumwomba mwenye nacho achangie zaidi si tatizo. Tatizo ni kipimo. Mume na mke wenye 59,000 kila mmoja wana 118,000 nyumbani na wanabaki na posho yote. Jirani yao mwenye 80,000, mke akiwa nyumbani na mtoto mgonjwa, anapoteza yote, na tayari analipa kodi kubwa zaidi kwa sababu mapato yote yanapita kwa mtu mmoja. Kwa familia zetu, ambamo mzazi mmoja hubaki na watoto kwa sababu malezi ya kulipia ni ghali na bibi yuko Tanga, huu ni mzigo wa kweli.

Chanzo ni kwamba tangu 1990 mume na mke hutozwa kodi kila mmoja peke yake, na HMRC haina hesabu ya mapato ya kaya. Tozo ilipoanza Januari 2013 kikomo kilikuwa 50,000, na kilikaa hapo hapo hadi Aprili 2024 huku bei na mishahara vikipanda. Machi 2024 Jeremy Hunt, waziri wa fedha wa wakati huo, alikipandisha na kuahidi kipimo cha kaya kufikia Aprili 2026. Oktoba mwaka huo Rachel Reeves, aliyemrithi kwenye wizara hiyo, aliiacha ahadi hiyo.

Pia tusikubali kuambiwa kwamba posho ni msaada wa maskini ambao matajiri wamepewa kimakosa. Ilipoanza 1977 ilichukua nafasi ya nafuu ya kodi waliyopewa wenye watoto. Ilikuwa njia ya kodi kutambua kwamba 80,000 yenye watoto wanne si sawa na 80,000 isiyo na mtoto. Leo, kwa watu hao wawili, tofauti hiyo imefutwa.

Ukitaka kulipeleka kwa mbunge wako, mwandikie ukurasa mmoja: mapato ya kila mzazi, idadi ya watoto, tozo mliyolipa, na ambacho mngelipa kama mapato hayo hayo yangegawanyika sawa kati yenu. Omba jambo moja tu, kipimo cha kaya au kikomo kinachopanda na bei kila mwaka. Weka anwani kamili na postikodi, maana wabunge hujibu wakazi wa jimbo lao tu.