Honda CBR900RR ya 1992–1997: kuifufua na kuipa vipuri vya leo

Pikipiki ya Honda CBR900RR ya kwanza ilitoka 1992 ikiwa na injini ya cc 893 na uzito mkavu wa kilo 185. Mwaka 1996 injini ikafikia cc 919. Ukiipata leo, fremu na injini kwa kawaida bado ni nzima. Kilichokufa ni mpira, sili, vimiminika, nyaya na shokapu ya nyuma. Hela ya kwanza iende huko. Egzosi ya kaboni itangoja.

Tafuta kwanza kitabu cha ufundi cha Honda cha mwaka wa modeli yako, kwa sababu vipimo vya mkazo wa bolti na uwazi wa valvu usivikisie. Nunua pia bisibisi za JIS, yaani za kiwango cha Kijapani. Skrubu za Kijapani zinafanana na za msalaba wa kawaida, ila bisibisi ya kawaida haizami hadi chini. Inateleza na kula kichwa. Skrubu nyingi za kabureta zimeharibika hivyo.

Tangi na kabureta

Toa petroli yote, fungua koki na kifuniko, ziba matundu kwa vizibo vya mpira. Changanya asidi ya sitriki gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji moto, jaza tangi hadi juu na liache kwa saa 12 hadi 24. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha mara moja kwa hewa ya moto, kisha zungushia oili nyepesi ndani. Ukichelewa kukausha hata nusu saa, kutu mpya ya rangi ya chungwa inaanza.

Kabureta ni nne, Keihin. Zitoe zikiwa zimeungana, wala usizitenganishe bila sababu: oringi zinazoziunganisha zikivuja utakuwa umejiongezea kazi. Kabla ya kufungua skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, ikaze taratibu hadi iguse chini ukihesabu mizunguko, andika idadi ya kila moja, ndipo uitoe pamoja na springi, washa na oringi yake ndogo. Oringi hiyo hubaki ndani ya shimo mara nyingi, na fundi asiyeijua hupuliza dawa juu yake.

Kinachoziba karibu kila mara ni jeti ndogo. Tundu lake ni kama nusu milimita tu, na petroli ikikauka huacha gundi ya kahawia. Loweka, pulizia hewa, inua kwenye mwanga uone tundu ni duara kamili. Usichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua. Na usipulizie dawa ya kabureta kwenye diaframu za mpira: zinavimba na hazirudi mahali pake.

Rudisha boksi la hewa la asili. Filta za wazi, moja kwa kila kabureta, zinapendeza machoni, lakini kabureta hizi hutegemea shinikizo tulivu la boksi ili kuinua pistoni zake. Bila boksi, pikipiki inakohoa katikati ya mizunguko, na kubadilisha jeti hakuponyi kabisa. Mwisho linganisha mvuto wa silinda zote kwa vipimo vya vakyumu, tofauti isizidi milimita 20 za zebaki, injini ikiwa imepata moto.

Ukisikia kelele ya njuga upande wa cheni ya kemu, hasa injini ikizunguka polepole bila kuvutwa gesi, hiyo ni tenshona (kikaza cheni) iliyolegea springi. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Weka mpya kabla cheni haijaanza kukwangua mkondo wake.

Umeme wa kuchaji

Hapa ndipo kipuri cha kisasa kina faida isiyobishaniwa. Regyuleta (kidhibiti cha volti za kuchaji) ya zamani hushusha umeme wa ziada kwa kuurudisha kwenye koili za jenereta, hivyo koili na regyuleta zote huungua polepole. Aina mpya ya mfululizo, kama Shindengen SH775, hukata mkondo badala ya kuuzungusha, na koili hubaki baridi zaidi.

Pima kwanza koili. Chomoa soketi yenye waya tatu za njano. Kati ya waya na waya ukinzani uwe mdogo, chini ya omu moja hivi, na ulingane kwa jozi zote tatu. Kati ya waya yoyote na bodi usipate mguso kabisa. Washa injini, ipeleke mizunguko 5,000 kwa dakika, pima volti za AC kwa jozi zote tatu: zilingane. Jozi moja ikiwa chini sana, koili imekufa, na regyuleta mpya haitasaidia.

Ile soketi ya njano ikiwa imebadilika rangi au kuyeyuka, ikate uitupe. Unganisha kwa kulehemu au kwa viunganishi visivyoingiza maji. Toka regyuleta hadi betri tumia waya wa milimita 4 za mraba, na fyuzi ya ampea 30 kwenye chanya. Ifunge mahali inapopata upepo. Ukipima kwenye betri katika mizunguko 5,000 upate volti 14.0 hadi 14.5. Betri ya lithiamu usiifunge kabla ya kuona namba hiyo. Volti zikipita 15 itaharibika.

Breki

Kalipa za mbele ni za pistoni nne, diski za milimita 296. Kabla hujafikiria kalipa mpya, fungua hizi. Kwenye mfereji wa sili hukaa unga mweupe wa alumini iliyoliwa. Unga huo unasukuma sili ndani na kubana pistoni, ndiyo maana breki inashika hata ukiwa umeachia. Kwangua mfereji kwa kijiti cha shaba, weka sili mpya na pistoni zisizo na kutu. Ukitoa pistoni kwa hewa ya kompresa, weka kipande cha mbao katikati na vidole mbali.

Kwenye pampu ya breki iliyo juu kwenye usukani kuna tundu dogo sana la kurudisha mafuta ya breki. Likiziba, mafuta yakipata moto hayana pa kwenda na gurudumu linajifunga barabarani.

Hosi za mpira tupa, weka za nyuzi za chuma, na washa mpya mbili za shaba kwa kila bolti. Angalia nyuzi za bolti: vipuri vya Kijapani ni M10x1.25 (kipenyo milimita 10, hatua ya nyuzi milimita 1.25), vya Brembo ya Italia ni M10x1.0. Ukilazimisha moja kwenye nyingine, alumini inang'oka. Mafuta yawe DOT 4, kamwe si DOT 5.

Shokapu na gurudumu la mbele

Wengi hukimbilia shokapu za mbele zilizogeuzwa (mrija mnene ukiwa juu) kutoka pikipiki mpya. Zinapendeza, lakini zile za milimita 45 zilizopo si dhaifu. Springi zake ndizo zimechoka. Kwa mwendeshaji wa kilo 75 hadi 85, springi za mstari (ugumu wake haubadiliki) za karibu niutoni 0.90 kwa milimita, oili mpya na bushi mpya hubadilisha pikipiki nzima kwa gharama ndogo. Ukikaa juu, mbele ishuke milimita 30 hadi 35. Shokapu ya nyuma ina gesi ya naitrojeni: usiifungue nyumbani. Nunua mpya.

Ukiamua kuweka hizo zilizogeuzwa, chukua seti nzima kutoka pikipiki moja: shokapu, vibano vyote viwili vinavyozishika, ekseli, gurudumu, kalipa na madgadi. Kuchanganya seti ndiko kunakozaa ekseli zisizoingia na diski zisizokaa katikati.

Gurudumu la asili ni inchi 16, tairi 130/70-16, na tairi nzuri za kipimo hicho sasa ni chache. Inchi 17 yenye 120/70 inafungua soko lote. Rimu za CBR600F za miaka ya 1990 ndizo hutumiwa sana. Kagua kipenyo cha ekseli, spesa na mahali diski zinapokaa. Tairi mpya ina kipenyo cha milimita 600 hivi badala ya 588, hivyo mbele hupanda milimita 6. Ukitaka usukani ubaki ulivyokuwa, sukuma mirija ya shokapu juu kwenye vibano kwa kiasi hicho hicho. Wengine huiacha, kwa kuwa CBR hii ilijulikana kwa usukani mwepesi kupita kiasi. Vyovyote vile, toa springi, kandamiza shokapu hadi mwisho, uone tairi haigusi madgadi wala rejeta.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, injini ikiwa baridi, rudia mkazo wa bolti za kalipa, ekseli na vibano, angalia ulegevu wa cheni mahali ilipokaza zaidi, na tazama kama washa za hosi zina unyevu.