SOMO: Kutafuta mwangwi wa miale ya gama kwa kompyuta ya kawaida

Ndugu zangu wa Lubumbashi, swali la "picha mbili za chanzo kimoja ziko wapi?" nimelijibu mpaka nimechoka, basi somo zima ni hili. Picha mbili hutaziona. Galaksi iliyo katikati hupinda mwanga wa chanzo kilicho nyuma yake, ukatufikia kwa njia mbili zisizolingana urefu. Fermi, darubini ya angani ya miale ya gama (mwanga wenye nguvu kuliko eksirei) iliyorushwa 2008, haiwezi kuzitenganisha picha hizo. Tunachopima ni mlipuko unaofika kwa njia ya kwanza, na mwangwi wake, yaani mlipuko uleule unaochelewa kwa njia ya pili.

1. Pakua data ya Fermi. Ni bure.

2. Anza na B0218+357, chanzo kimojawapo cha aina hii. Mwaka 2012 mwangwi wake ulichelewa siku 11.46 hivi.

3. Chora mwangaza wa kila siku.

4. Sogeza nakala ya mchoro siku moja moja, uone inalingana wapi na mchoro wenyewe. Siku ulizosogeza ndizo ucheleweshaji.

5. ONDOA MWEZI! PKS 1830-211, chanzo kingine cha aina hii, iko karibu na njia ya Mwezi, nao Mwezi hutoa miale ya gama na kurudi pale kila siku 27.3. Kwa redio, ucheleweshaji wa chanzo hicho ni siku 26 hivi. Unaona hatari? Mzunguko wa Mwezi utauita mwangwi. Futa siku zote Mwezi unapopita jirani, na zile za mwisho wa Desemba Jua linapopita. Usichapishe namba yoyote kabla ya hapo.

6. Pima uwiano wa mlipuko na mwangwi. Kwa redio, njia moja ya B0218+357 inaishinda nyingine kwa mwangaza zaidi ya mara 3. Kwa gama mwaka 2012 zilikaribia kulingana. Nyota za galaksi ya katikati zinaweza kukuza njia moja peke yake, na hukuza zaidi chanzo kidogo. Kwa hiyo uwiano ukibadilika toka mlipuko hadi mlipuko, unapata fununu ya udogo wa mahali gama inapotoka. Uzuri wote uko hapa.

Maswali

— Yaya, nimepata siku 27 ku PKS 1830-211. Njo mwangwi, sivyo?

— Hatua ya 5. Isome, kisha leta mchoro.

— Mwalimu, Mwezi unatoaje gama, nao hauna moto?

— Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa kutoka anga za mbali, hugonga mawe yake, kwa kuwa hauna hewa ya kuukinga. Kwa macho ya Fermi unalishinda kwa mwangaza hata Jua lililotulia.

— Na sisi tunaweza kuiona PKS?

— Yenyewe hapana. Ila Julai, saa tano usiku, tazama karibu na utosi, kusini kidogo, penye kundi la nyota la Mshale (Sagittarius). Iko upande huo.

— Umeme ukikatika katikati ya hesabu?

— Hifadhi faili kila baada ya hatua.