Cádiz kwa miguu

Treni kutoka Sevilla inakushusha mlangoni mwa mji mkongwe wa Cádiz, kusini mwa Hispania, kwa hiyo teksi ya nini? Tembea.

Anzia Torre Tavira, mnara uliokuwa ukitumika kuangalia meli tangu 1778. Ngazi zilinitoa jasho, lakini juu kuna chumba cha giza (camera obscura) ambamo, kwa kioo na lenzi, mji mzima unaonekana hai juu ya sahani kubwa nyeupe: nguo zilizoanikwa, njiwa, watu wakipita. Nilibaki mdomo wazi kama mtoto.

Njaa ikikubana, nenda Mercado Central, soko kuu, ukale tortillitas, vibapa vyembamba vya uduvi. Vikipoa havina maana.

Jioni keti ufuoni La Caleta, kati ya ngome mbili. Levante, upepo wa mashariki, ukivuma, shikilia kofia. Yangu ilibaki baharini.