Somo: Kula vya Pwani tupu, visivyopigwa dawa, siku moja hapa Mombasa

Salaam wenzangu. Hili jambo wengi wanalitaka ila wanalianza kichwa chini, wanaandika menyu kwanza halafu ndo waende sokoni, mwisho warudi na vitunguu vya Tanzania na mchele wa Pakistan. Anza na shamba na bahari, menyu itakuja yenyewe.

Hatua ya 1: weka mpaka. Mimi nachukua Mombasa, Kwale na Kilifi basi. Uamue usiku wa kabla, manake ukishafika sokoni na njaa kila kitu kitakuwa "cha karibu". Na ujue hapa kuna maswali mawili: kimetoka wapi, na kimelimwaje. Sukuma ya kando ya mtaro wa maji machafu ni ya karibu kabisa lakini hicho si kilimo hai. Ukiona pakiti ina nembo ya Kilimohai, hiyo yafuata kanuni za Afrika Mashariki zilizopitishwa 2007, hamna fatalaiza wala dawa za kiwandani. Kwa mama mboga hutaikuta nembo, huko ni kuuliza.

Hatua ya 2: kagua jikoni kwako. Hapa ndo panapouma. Unga wa ngano weka kando, kwa hivyo mahamri na chapati siku hiyo hamna, ngano nyingi yaja na meli hata kama imesagwa hapa hapa. Mafuta ya kupikia pia, kiwanda chaweza kuwa hapa Mombasa lakini mawese yenyewe yametoka Malaysia na Indonesia, watu wengi hawalijui hili. Kitunguu saumu kingi ni cha China. Karafuu ni ya Pemba na Unguja, nzuri sana lakini iko nje ya mpaka. Kinachobaki: chumvi ya Gongoni na Marereni huko Kilifi, nazi, ndimu, ukwaju, pilipili mbichi, asali ya Kilifi. Na kwa vitu hivyo mtu wa Pwani hawezi kulala njaa.

Hatua ya 3: soko, mapema. Kongowea ni kubwa lakini malori mengi yatoka bara, usinunue kwa sababu tu rundo ni zuri. Tafuta wale akina mama wenye vikapu vichache, waliotoka na mzigo wao Kaloleni, Rabai au ng'ambo ya Likoni huko Kwale, umwamkie vizuri kisha umuulize, mama umelima mwenyewe? mbolea ni ya mbuzi au ya dukani? mara ya mwisho umepiga dawa lini? Aliyelima hujibu hapo hapo, tena atakuelezea mpaka utachelewa, mchuuzi atakwambia tu "hii ni freshi". Chukua mchicha, kunde, matembele, mtsunga (ile mboga chungu ya Wamijikenda), hizi zavumilia wadudu kuliko sukuma wiki na kabeji kwa hivyo wakulima wengi hawana haja ya kuzipigia dawa. Embe likiwa la njano kote lakini gumu na halinuki chochote, shuku limevundikwa kwa kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda, liache.

Hatua ya 4: samaki. Nenda dikoni mitumbwi ikirudi, usiende kwenye friza, kule waweza kuuziwa samaki wa barafu wa kutoka China. Jicho liwe angavu, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Changu, tafi, pono, chochote kilichotoka siku hiyo. Wakati wa kusi bahari huchafuka na samaki hupungua, bei hupanda, kaskazi ndo raha.

Hatua ya 5: kupika. Mbaazi kavu uwe umezirowesha usiku. Asubuhi muhogo wa nazi na chai ya mchaichai yenye asali. Mchana samaki wa kupaka: mtie chumvi, ndimu na pilipili, mchome kwa vifuu vya nazi, tui zito lipike na ukwaju huku ukikoroga lisikatike, umpake akiwa juu ya moto mara mbili tatu. Kula na ndizi mbichi za kuchemsha. Jioni mbaazi za nazi, matembele, viazi vitamu. Tui la kwanza huingia mwisho siku zote, tafadhali.

MASWALI

Swali (Likoni): Mie bila chai ya rangi kichwa chaniuma, hayo majani si ya Kenya?
Jibu: Ni ya Kenya lakini ni ya Kericho na Limuru, kwa mpaka wangu hayaingii. Ukiumwa kunywa, usijitese, ila uandike kwamba hicho kimoja kimetoka bara.

Swali (Kisauni): Wali je?
Jibu: Waulize wakulima wa Kwale, upande wa Msambweni na Vanga hulimwa mpunga. Usidanganyike na pishori, huo ni wa Mwea.

Swali (Mji wa Kale): Kuku wa kienyeji anahesabika?
Jibu: Uliza anakula nini. Wengi sasa ni kienyeji chotara wanaolishwa chakula cha dukani na kupewa dawa, tofauti na yule anayechakura uani.

Swali (Changamwe): Nimesikia muhogo una sumu, watoto watakula salama?
Jibu: Ule mchungu ndo wenye sumu nyingi. Mwambie muuzaji wataka mtamu, menya ganda lote, toa mzizi wa kati, chemsha mpaka uive kabisa na maji yake umwage ndo utie tui. Mbichi usiwape watoto hata kipande.

Swali (Bamburi): Nikikosa mafuta nitakaangia nini?
Jibu: Zikune nazi tatu au nne, kamua tui zito bila maji mengi, lipike moto mdogo mpaka mafuta yajitenge, uchuje. Yatatosha kukaangia matembele, samaki wewe mchome tu.