Duka la Santuri na Kanda Linapofungwa: Namna ya Kuokoa Kilichomo

Mwenye duka la santuri na kanda anapotangaza kwamba atafunga mwisho wa mwezi, wateja wake wa siku nyingi hukimbilia rafuni. Mwongozo huu unashauri waanzie kwingine: kabla ya kununua chochote, mwombe mwenye duka akupe nafasi ya kukaa naye ukiwa na daftari. Santuri zitapata wanunuzi hata usipozinunua wewe, ila anayoyajua mzee huyo kuhusu aliyepiga udi katika rekodi fulani, au sababu ya wimbo mmoja kuuzwa kwa majina mawili, pengine hayajaandikwa popote.

Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, kwa kuwa baadhi ya maduka yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakitoa muziki. Assanand & Sons, wenye duka la Mombasa, hawakuishia kuuza; walitoa santuri za taarab kwa jina lao la kibiashara, Mzuri, na Mbwana Radio Service ya mji huohuo ilijulikana kwa kanda zake. Upande wa Tanzania, bendi za dansi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi zilizobahatika kutolewa kwenye santuri zilichapwa Nairobi. Kwa hiyo duka dogo la mtaani linaweza kuwa na kitu ambacho hakuna maktaba iliyowahi kuletewa nakala yake.

Mazungumzo yafanyikie dukani, na yaongozwe na vitu vyenyewe. Ukimuuliza mzee maisha ya duka kwa jumla atakujibu kwa jumla; ukimkabidhi santuri moja mkononi ataigeuza, atasoma lebo, kisha ataanza kutaja watu. Mwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, uiweke simu karibu naye, na uzime feni, kwa sababu mvumo wake humeza sauti ya mtu mzima anayezungumza taratibu. Tazama pia ile sehemu laini iliyo kati ya mfereji wa mwisho unaopitiwa na sindano na karatasi ya lebo. Huwa pana namba iliyochongwa, wakati mwingine kwa mkono, na santuri mbili zenye namba hiyohiyo kwa kawaida zimetokana na rekodi moja hata kama lebo zake hazifanani. Piga picha pande zote mbili. Rafu nazo zipigwe picha kabla ya kitu chochote kuhamishwa, kwani wenye maduka wengi hupanga mali kwa bendi au kwa mahali ilikotoka, na mpangilio huo wenyewe ni maelezo.

Katika kununua, ziachie wengine nyimbo zilizovuma, maana nakala zake zipo kila mahali. Tanguliza vilivyotengenezwa kwa idadi ndogo: kanda za taarab zilizorekodiwa harusini, kanda za mashairi, santuri za bendi ambazo hata wapenzi wa dansi hawazikumbuki. Bei usiibane kwa kuwa tu duka linafungwa. Aliyelitunza kwa miaka yote hiyo hastahili kulipwa bei ya takataka. Ukikuta rili (mikanda ya studio iliyoviringishwa kwenye magurudumu) za rekodi asilia, usizichukue kama bidhaa ya kawaida. Mshauri mwenye duka awasiliane na taasisi inayohifadhi sauti, kama vile TBC, shirika la utangazaji la Tanzania lililorithi hazina ya Radio Tanzania, Nyaraka za Taifa Zanzibar, au Ketebul Music ya Nairobi.

Santuri zisafirishwe zikiwa zimesimama, wala zisiachwe ndani ya gari juani, kwa kuwa za plastiki hupinda haraka. Zile za shelaki (utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki), za mizunguko 78 kwa dakika, za aina aliyorekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, hazipindi kirahisi, lakini zikianguka zimekwisha. Usizisafishe kwa spiriti hata kidogo, maana huyeyusha shelaki. Tumia kitambaa laini chenye maji safi na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha lebo. Zinahitaji pia sindano nene ya 78, kwani sindano ya kawaida huzama hadi chini ya mfereji na kutoa mkwaruzo mtupu.

Kanda ndizo zenye kazi kubwa, hasa katika unyevu wa Pwani. Inua kanda kwenye mwanga uangalie kwenye kidirisha chake: vumbi jeupe ukingoni mwa utepe ni ukungu, na kanda hiyo itengwe bila kuchezwa, kwa sababu itachafua mashine na kuziambukiza nyingine. Kanda iliyo safi izungushwe mbele na nyuma mara moja kabla ya kusikilizwa. Ikiwa kile kipande cha sufi kinachougandamiza utepe kimebanduka, hamishia utepe kwenye kasha jingine lenye skrubu. Kuwa mwangalifu zaidi na kanda za dakika 120, kwani utepe wake ni mwembamba na hunasa kwa urahisi. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni, asije mtu akarekodi juu yake. Sauti ikiwa imefifia kama inayotoka chini ya blanketi, zungusha kidogo skrubu ya kichwa cha kinasa, yaani sehemu inayousoma utepe, hadi fidla isikike wazi.

Hamishia sauti kwenye faili za WAV, biti 24 na kilohezi 96, na faili ya kwanza uiache na kelele zake zote. Usafishaji ufanywe kwenye nakala. Weka nakala mbili mahali tofauti. Kumbuka kwamba kununua kanda hakukupi haki ya kuusambaza wimbo, na masuala hayo ya hakimiliki husimamiwa na COSOTA kwa Tanzania Bara na KECOBO kwa Kenya. Kumpelekea nakala mwanamuziki au familia yake ndiyo hatua ya kwanza ya kiungwana. Jina la faili lianze na namba iliyochapwa kwenye lebo, kisha mwimbaji na wimbo kama vilivyochapwa, hata kama vimekosewa. Masahihisho ya mwenye duka yaandikwe katika karatasi ya maelezo, pamoja na jina lake, akiridhia, na tarehe aliyoyasema.