Picha za sahani kwa mgonjwa wa kisukari: namna ya kuzipokea na kuzisoma

Ukimuuliza mgonjwa alikula nini wiki hii, atakujibu, "Kawaida tu, ugali na mboga." Picha itakuonyesha ugali wenyewe ni kiasi gani. Kwa afisa lishe mwenye simu janja na foleni ndefu kliniki, anza hivi.

1. Ridhaa. Mweleze picha zitaonwa na nani. Tumia simu ya kliniki, si namba yako binafsi, na sura ya mtu isionekane.

2. Mfundishe kupiga, palepale chumbani. Simu aishike mshazari, ili kina cha bakuli na kimo cha ugali vionekane. Pembeni ya sahani aweke kijiko kilekile kila mara. Hicho ndicho kipimo chako. Apige kabla ya kula na baada ya kula. Siku tatu zinatosha, moja iwe Jumamosi au Jumapili.

3. Sukari ya damu. Mwenye glukometa, yaani kifaa cha kupimia sukari ya damu, apime kabla ya mlo na saa 2 tangu aanze kula, aandike chini ya picha. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya mlo, na chini ya 10.0 baadaye. Ikishuka chini ya 3.9 asisubiri umjibu: anywe kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Asitoke chumbani hajalielewa hili.

4. Uliza kisichoonekana. Hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme picha ina chapati moja na chai ya rangi, kipimo kimefika 13.1. Utailaumu chapati haraka. Tuma kwanza ujumbe wa sauti: "Mama, shikamoo. Chai hii umeweka vijiko vingapi?" Akijibu vinne, hizo ni kama gramu 16 za sukari ambazo picha isingekuonyesha kamwe. Mafuta ya kuungia mchicha nayo hivyohivyo.

5. Hesabu. Ingiza vyakula na kiasi chake kwenye Excel ukitumia jedwali la virutubishi la nchi yako: Tanzania lipo la 2008, Kenya la 2018. Programu nyingi za kalori hazijui kisamvu wala uji wa ulezi, kwa hiyo siziamini kwa vyakula vyetu.

6. Jibu. Mpe badiliko moja tu, kama sukari ya chai. Ila anayechoma insulini au kumeza glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari), zungumza na daktari wake kabla hujampunguzia wanga, maana dozi ileile inaweza kumshusha sukari usiku.