Jinsi ya kuthibitisha jezi ya besiboli iliyovaliwa mchezoni

Hatua ya 1: Usiifue. Acha udongo mwekundu ulioganda kifuani, na lile doa jeusi begani la utomvu wa msonobari wanaoupaka kwenye gongo lisiteleze. Huwa naumia nikikutana na jezi iliyopigwa sabuni na pasi. Imependeza, lakini imenyamaza.

Hatua ya 2: Soma hologramu, kile kibandiko kinachometameta cha uthibitisho. Tangu 2001 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) ina mashahidi viwanjani wanaovibandika, wengi wao polisi wa sasa au wastaafu. Kila kibandiko kina namba. Iingize kwenye tovuti ya ligi. Soma neno kwa neno: jezi iliyovaliwa mchezoni na jezi iliyotolewa na timu bila kuvaliwa, bei zake ni mbingu na ardhi.

Hatua ya 3: Kagua lebo. Aliyezoea kuchambua mitumba hapa ana jicho tayari. Kampuni ya Majestic ilivalisha timu zote za ligi hiyo kuanzia 2005 hadi 2019. Nembo ya Nike iliingia kifuani 2020. Ukiiona kwenye jezi ya "2018", irudishe.

Hatua ya 4: Linganisha na picha. Kazi yenyewe iko hapa, na inaweza kula wiki nzima. Tafuta picha kubwa zenye tarehe za mchezaji akiwa uwanjani, kutoka mashirika ya picha. Jina la mgongoni lisikushughulishe. Fuata mkasi na sindano vilipopita. Jezi ya nyumbani ya New York Yankees ina mistari ya wima: ni mstari upi unaingia chini ya herufi za NY, upi unakatwa na mshono wa bega? Ni vigumu sana jezi mbili zikatwe mistari iangukie palepale kila mahali. Isiyo na mistari inasumbua zaidi. Hapo natafuta uzi uliochomoka kwenye namba, au herufi iliyoinama kidogo karibu na kifungo. Doa la pichani lisipoonekana kwenye jezi usikate tamaa, huenda timu ililifua baadaye. Mstari hauhami. Ukikataa mmoja tu, naiacha jezi.

Jezi ya kijivu ya Babe Ruth, nyota wa Yankees, ya fainali za 1932 iliuzwa dola 940,000 mwaka 2005. Wataalamu walipoilinganisha na picha za mchezo wa tatu, pale uwanja wa Wrigley Field jijini Chicago, Agosti 2024 ikanunuliwa kwa dola milioni 24.12.

Hatua ya 5: Hifadhi. Karatasi laini isiyo na asidi, boksi, mbali na jua. Mfuko wa plastiki wa dobi utupe. Picha ulizolinganisha zichapishe, uziweke humohumo pamoja na jezi.